Whitney Houston (1985): santuri, CD au flashi?

KarafuuMbichi
Asalam alaykum wanajamvi. Nataka kumnunulia mama albamu ya kwanza ya Whitney Houston, ile ya 1985. Santuri nimeiona duka la mtandaoni Uingereza, na CD kuna mtu anayo Darajani. Ipi bora? Nina mtu anarudi kutoka London wiki hii.

Kipanga_wa_Mlandege
Wa alaykum salaam. Bora kwa lipi? Hujasema mama ana chombo gani cha kupigia, hujasema una shilingi ngapi, hujasema anakaa wapi. Santuri bila mashine ni sinia.

BiMwana_Ngambo
Chukua santuri mwanangu. Upande wa kwanza unafungua na You Give Good Love, taratibu, na ukifika Saving All My Love for You ushakaa kitako. Unaigeuza, unakutana na How Will I Know, nyumba nzima inainuka. Kwenye CD nyimbo kumi zinafuatana tu, hupati hata nafasi ya kumimina chai.

FundiRedio_Chake
Bi Mwana, kwa heshima yako, santuri kwa unyevu wetu huu? Mie niliwahi kununua ya zamani kwa mtu, picha zinang'aa. Kufika, jalada limegandana na karatasi ya ndani kwa ukungu. Nikaiosha kwa sabuni kidogo, nikaianika kivulini. Kuipiga, sindano inaruka palepale kwenye wimbo ninaoutaka. Nikaweka sarafu juu ya mkono wa sindano. Kuruka ikaacha, ikaanza kukwaruza. Mara umeme ukapungua nguvu, sahani ikazunguka kwa uvivu, mwanamke akaimba kwa sauti ya mwanamme. Mke wangu alicheka mpaka akatoka nje. Muuzaji hapokei simu mpaka leo. Nunua CD, ihamishie kwenye flashi, mama achomeke kwenye redio yake, basi.

Kipanga_wa_Mlandege
Fundi, sarafu ndiyo iliyoua santuri yako, si hewa ya Pemba.

FundiRedio_Chake
Ilikuja maiti.

KarafuuMbichi
Mama yuko Wete. Gramafoni ya marehemu babu ipo, sijui kama inafanya kazi. Nina laki moja pamoja na usafiri. Anaupenda sana I Wanna Dance with Somebody, kila akipika anauimba.

Dada_Mkoani
Sasa wewe! Wimbo huo haumo kwenye albamu ya 1985. Umo kwenye ya pili, ya 1987. Utampa mama zawadi, aisikilize mpaka mwisho akiusubiri wimbo wake.

BiMwana_Ngambo
Ya kwanza ndiyo iliyomtoa. Ilitoka Februari 1985, haikushika nambari moja Marekani mpaka Machi 1986, halafu ikakaa pale wiki 14 kwa jumla. Ya pili iliingia nambari moja moja kwa moja kwa kuwa njia ilishafyekwa.

Dada_Mkoani
Mama hataki historia, bi mkubwa. Anataka kucheza.

MzeeWaTaarabu
Whitney ni mtoto wa mwimbaji Cissy Houston, kazaliwa ndani ya muziki, na Clive Davis, mkuu wa kampuni ya rekodi ya Arista, kamshika mkono. Siti binti Saad katoka Fumba, muuza vyungu, akaenda Bombay 1928 kurekodi santuri. Hizo ndizo za kupiga kwenye gramafoni ya babu.

Kipanga_wa_Mlandege
Mzee, mada ni Whitney. Na mkitaka haki, wimbo wa Greatest Love of All uliomo kwenye albamu hiyo ya 1985 aliutangulia George Benson, 1977, kwenye filamu ya Muhammad Ali.

BiMwana_Ngambo
Benson kaimba vizuri. Aliyeufikisha nambari moja ni Whitney.

KarafuuMbichi
Jamani, ninunue ipi? Mtu wangu anaondoka London Jumamosi.

FundiRedio_Chake
Kwanza piga picha hiyo gramafoni. Kama ni ya kuvutwa kwa hendeli, inakwenda mizunguko 78 kwa dakika, na santuri ya Whitney ni 33. Sindano yake ya chuma itaichimba vibaya.

Dada_Mkoani
CD ya 1987, maliza.

BiMwana_Ngambo
Ya 1985.

MzeeWaTaarabu
Angalia na kwenye kabati la babu kama kuna santuri zake za zamani, asije mtu akazitupa. Wiki ijayo napanda boti kuja Pemba, nitapita Wete nizione.