Dokumentari ya Malawi enzi za Banda: kumficha shahidi, na picha za zamani

Kamera ya Uyole:
Habarini wadau. Tunaandaa dokumentari ya dakika 40 kuhusu maisha ya Malawi chini ya Rais Kamuzu Banda hadi vuguvugu la 1992 la kudai vyama vingi. Wazee waliokimbilia Kyela na Tukuyu wamekubali kuongea, ila wawili hawataki kutambulika. Ndugu zao wako ng'ambo ya Mto Songwe, upande wa Malawi. Kufifisha uso wakati wa kuhariri kunatosha? Na video za wakati ule tuzitafute wapi?

Mlinda Faili:
Hakutoshi, mkuu. Faili lenye sura linabaki kwako, na kompyuta huibiwa. Mfiche tangu kwenye kamera: dirisha liwe nyuma yake, upime mwanga wa dirisha na siyo wa uso, halafu tundika kitambaa cheusi upande wa kamera, maana ukuta mweupe unarudisha mwanga usoni. Aitazame kamera, akikaa upande, pua na kidevu vinamtaja. Rekodi sekunde 10, zifungue kwenye programu ya kuhariri, pandisha vivuli hadi mwisho. Ukiona macho, panga upya. Usitumie RAW (faili ghafi la kamera) hapa, inatunza hata kilichomo gizani.

Sauti nayo: ukiishusha iwe nzito kwa programu, mwingine ataipandisha. Andika maneno yake, asome mtu mwingine. Na zimeni GPS za simu.

Jirani wa Kasumulu:
Kuhusu video msijipe matumaini makubwa. Malawi haikuwa na televisheni yake hadi 1999. Kilichopo kwa wingi ni cha mashirika ya habari ya nje, na bei yake si ya mchezo. Jengeni filamu kwa karatasi na sauti: waraka wa maaskofu Wakatoliki uliosomwa makanisani tarehe 8 Machi 1992, na kadi za MCP, chama cha Banda, zile zilizodaiwa sokoni na kwenye mabasi. Kadi ipigwe kutoka juu, taa mbili pembeni kwa nyuzi 45, isimetemete.

Msiulize "utawala ulikuwaje?" Mtapewa hotuba. Ulizeni kadi ilikaa mfuko gani, nani aliikagua, asiyekuwa nayo alifanywa nini.

Tena, kura ya maoni ya 14 Juni 1993 ilileta vyama vingi tu. Banda aliondoka kwa uchaguzi wa Mei 1994. Wengi huvichanganya.

Bati la Tukuyu:
Tafuteni nyumba yenye dari. Mvua ya Tukuyu ikigonga bati tupu, hakuna maiki itakayowaokoa. Fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50, la sivyo taa za umeme zitacheza kwenye picha. Kibali cha Bodi ya Filamu kwanza, kisha mjitambulishe kwa mtendaji wa kijiji.

Kamera ya Uyole:
Shukrani sana. Ridhaa ya hao wawili tuiandike?

Mlinda Faili:
Fomu yenye jina na sahihi ndiyo itakayowataja. Wapeni namba, jina likae kwenye daftari moja mbali na diski. Na muwaulize tena baada ya kuona filamu, kabla haijatoka.