Maua ya bustani: mbegu ardhini moja kwa moja, au trei kwanza?

Mche Mpya
Wakuu, nina mbegu za popi, kalendula, kosmosi na digitali. Nataka bustani ya mchanganyiko, ile ambayo ukiitazama unadhani maua yamejiotea yenyewe. Msimu uliopita nilisia kila kitu kwenye trei. Popi ziliota vizuri mno, lakini nilipozihamisha, siku ya pili zikalala na hazikuinuka tena. Nikang'oa mche mmoja, nikaona mzizi mwembamba, mweupe kama uzi, umekatika katikati. Je, trei niachane nazo kabisa?

Bibi Kalendula
Pole sana mwanangu. Uzi huo ndio jibu lenyewe. Popi huteremsha mzizi mkuu mmoja mapema sana, na ukikatika mche hauna mwingine wa kuutegemea. Isie pale pale unapotaka ichanue. Mbegu zake ni kama vumbi, kwa hiyo changanya na mchanga mkavu. Mkono utatawanya sawasawa na utaona ulipokwisha kupita. Usifukie, gandamiza tu kwa kiganja. Nigela, ua jingine la bustani, nayo ni vivyo hivyo, haipendi kuguswa mizizi.

Halafu upunguze miche hadi ibaki nafasi ya sentimita 20 au 30. Najua inauma kung'oa kitu ulichokiotesha mwenyewe, ila popi zilizobanana hutoa viua vidogo tu na kwisha upesi.

Jembe la Asubuhi
Shikamoo Bibi. Kwa popi tuko pamoja, ila kusia ardhini kuna hasara yake. Mwaka juzi nilisia mstari mzima, asubuhi moja nikakuta njia za ute wa konokono na vishina vitupu. Tangu hapo nusu ya mbegu naziweka kwenye vikopo vya karatasi, mbegu mbili tatu kila kimoja, kisha nazika mche pamoja na kikopo chake. Karatasi inaoza, mzizi unapita bila kuguswa. Ni kazi zaidi, lakini mche unaingia bustanini ukiwa na nguvu kidogo.

Mpenda Vivuli
Digitali ni trei, sina shaka hata kidogo. Mbegu zake zinahitaji mwanga ili ziote, kwa hiyo ziache juu ya udongo. Ukizimwagilia kwa kopo zitasombwa zote kona moja. Weka trei ndani ya beseni lenye maji kidogo, udongo unywe kutoka chini, kisha uitoe. Usizirundike, na uache hewa ipite, la sivyo kinyaushi, ule ugonjwa wa ukungu unaoozesha miche michanga, kitaangusha miche yote kwa usiku mmoja.

Tafadhali usiing'oe mwaka wa kwanza. Digitali ya kawaida hutoa majani tu mwaka huo, ua huja mwaka wa pili. Wengi huiona haina faida wakaitupa. Na mmea mzima una sumu, majani mpaka mbegu, basi uipande mbali na wanapochezea watoto.

Mche Mpya
Asanteni sana. Ile ya mwaka wa pili sikuijua, na kweli nilishaanza kuing'oa! Kalendula na kosmosi je?

Bibi Kalendula
Kalendula haina shida, mwanangu. Mbegu ni kubwa, zimepinda kama kucha, unazipanda moja moja kina cha sentimita moja, ardhini au kwenye trei. Inavumilia baridi. Kosmosi usiiweke kundi hilo. Jalidi moja tu inaiua. Isubiri baridi ipite, au ianzie ndani halafu uizoeshe nje kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10 kabla ya kuipanda.

Mche Mpya
Nimeelewa, Bibi. Trei itakuwa ya digitali na kosmosi, kila moja na yake. Mchanga wa popi nimeshauanika juani.