Miguu ya Shangazi Rehema

Jumapili, saa 3:10 usiku

Shangazi Rehema: Kaka yangu na watoto wangu, naomba mnisome kwa utulivu kwa sababu hatari imekwisha kupita. Jioni nilipokuwa naoga nilijikuna mguu wa kushoto, juu kidogo ya kifundo, pale penye ule mshipa uliojitokeza kama kamba yenye mafundo, na papo hapo damu ikaanza kuruka kama maji kwenye bomba lililotoboka. Sikusikia maumivu yoyote, niliona tu sakafu imekuwa nyekundu. Nikasimama, nikafunga kitambaa kwa nguvu chini ya goti, lakini damu ikazidi, mpaka Jabiri alipoingia akanilaza.

Salma: Shikamoo Shangazi, na pole sana. Kabla ya jambo lolote naomba kujua kama damu imekata kabisa, na kama unasikia kizunguzungu au moyo kwenda mbio.

Jabiri: Imekata, Dada Salma. Nilimlaza chali palepale, nikaupandisha mguu juu ya kiti, nikakandamiza tundu kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kuchungulia. Nilipoachia, palikuwa pamekauka. Sasa yuko kitandani, mguu uko juu ya mito miwili, na anazungumza vizuri.

Salma: Ulifanya sawasawa kabisa, na ninataka kila aliyemo humu akumbuke mpangilio huo: kulaza, kupandisha mguu, kukandamiza palepale panapotoka damu. Mtu anaposimama, damu yote iliyo kwenye vena, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, kuanzia usawa wa moyo hadi kifundoni inalemea chini, na presha pale kifundoni hufika milimita 80 hadi 90 za zebaki. Akilala na mguu ukiwa juu, presha hiyo karibu inakwisha. Kitambaa alichofunga Shangazi chini ya goti kiliizuia damu isipande, huku ateri, yaani mishipa inayotoa damu kwenye moyo, zikiendelea kuileta, kwa hiyo ikatafuta njia kwenye lile tundu. Ikitoka tena usiku huu na isikate kwa kukandamiza, mpelekeni hospitali bila kusubiri kuche. Hata isipotoka, kesho asubuhi lazima aonwe, kwa sababu mshipa uliokwisha kupasuka mara moja unaweza kupasuka tena.

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Nitakwenda, ingawa nasitasita. Mwaka juzi nilikwenda kituo kimoja cha afya kwa ajili ya miguu hii hii, na daktari hakuniomba hata nipandishe gauni. Aliniambia kuwa hayo ni mambo ya urembo, kwamba kila mwalimu aliyesimama ubaoni miaka 30 anayo, nikanunue soksi za kubana. Nilizinunua, zikanikata nyuma ya goti, nikaziweka kabatini.

Salma: Shangazi, jambo hilo linaniuma. Ni kweli kwamba watu wengi wenye mishipa iliyovimba hawapati madhara makubwa maishani, lakini hakuna awezaye kusema hivyo juu ya mguu ambao hakuutazama. Naomba Jabiri anitumie picha ya ngozi ya upande wa ndani, juu ya kifundo, taa ikiwa imewashwa.

Jabiri: Nimetuma. Ngozi ina rangi ya kahawia iliyokoza, imekauka na kung'aa, na nikiigusa naiona ngumu kuliko ya mguu wa pili. Mama anasema huwasha sana usiku.

Salma: Asante, nimeiona. Hilo doa si uchafu wala uzee. Damu inaposimama kwa miaka mingi ndani ya mshipa, chembe nyekundu huvujia kwenye ngozi, zinavunjika, na chuma kilichokuwa ndani yake kinabaki hapo na kuipaka ngozi rangi ya kahawia. Muwasho ni ukurutu unaotokana na chanzo hicho hicho. Madaktari hupanga ugonjwa huu kwa hatua kuanzia C0 hadi C6: C2 ni mishipa iliyojitokeza yenye upana wa milimita 3 au zaidi, C3 ni uvimbe, C4 ni ngozi iliyobadilika, C5 ni kidonda kilichopona, na C6 ni kidonda kilicho wazi. Kwa picha hii Shangazi yuko C4. Urembo uliishia nyuma sana.

Baba Mkubwa Hamisi: Nimesoma yote kwa makini. Salma, hebu tueleze chanzo chenyewe, maana mimi pia nilikuwa nayo, na hadi leo sikuwahi kuelezwa kwa nini mshipa wa mguuni uvimbe na wa mkononi usivimbe.

Salma: Shikamoo Baba Mkubwa. Damu hushuka miguuni kwa kusukumwa na moyo, lakini kurudi juu haina msukumo kama huo. Hutegemea msuli wa shavu la mguu, ambao kila tunapopiga hatua huzikamua vena za ndani na kuirusha damu juu. Ili isianguke tena, vena zina vali, yaani vilango vidogo vya utando vinavyofunguka kuelekea juu tu. Vilango hivyo vikilegea, au ukuta wa mshipa ukitanuka hadi vikashindwa kukutana, damu inarudi chini, inakiumiza kilango kinachofuata, nacho kinashindwa, na hivyo hivyo hadi kifundoni. Mkono haubebi safu ndefu kama hiyo. Ndiyo maana mafundo tunayoyaona chini ya goti mara nyingi yana chanzo mbali, pengine kinenani, pale ambapo vena ndefu inayopita upande wa ndani wa mguu huingia kwenye vena kubwa ya ndani. Kuyatibu mafundo bila kukitafuta kilango kinachovuja ni sawa na kupangusa sakafu huku bomba liko wazi.

Nasema hivi kwa sababu ndilo jambo ninalolipigania kila siku wodini: tusianze na swali la tiba ipi, tuanze na swali la wapi panavuja.

Jabiri: Nilikuwa nimenunua dawa ya kuchua, nikidhani damu imeganda na inahitaji kulainishwa. Je, nimkande kila jioni?

Salma: Usimkande, Jabiri. Kuchua hakurudishi kilango kilicholegea, na ngozi ile nyembamba inaweza kuchanika. Zaidi ya hapo, mshipa wa juu ukiwa mgumu, wa moto na wenye maumivu, huenda una damu iliyoganda, na unahitaji daktari. Na mguu mmoja ukivimba ghafla hadi juu na kuuma, au mtu akianza kubanwa pumzi na kuchomwa kifuani, hiyo ni dharura, kwa sababu bonge la damu linaweza kuwa kwenye vena za ndani au limekwisha kufika mapafuni.

Mwanaidi: Samahani kwa kuingilia. Mimi nina ujauzito wa miezi saba na mishipa ya namna hiyo imenitokea pajani mwezi huu. Baba alikuwa nayo, Shangazi anayo. Je, niombe nitibiwe sasa?

Salma: Hongera na pole, mdogo wangu. Ugonjwa huu hufuata sana damu ya ukoo. Katika ujauzito damu huongezeka mwilini, homoni hulegeza kuta za mishipa, na mji wa mimba hukandamiza vena za nyonga. Upasuaji na sindano huahirishwa hadi baada ya kujifungua, kwa kuwa mishipa mingi hunywea yenyewe katika miezi inayofuata. Kwa sasa tembea, lalia ubavu, pandisha miguu unapopumzika, na mwombe mkunga wako akupimie soksi za kubana, maana hupunguza uzito na uvimbe hata kama haziondoi mishipa yenyewe.

Shangazi Rehema: Mbona mimi soksi hizo hizo zilinitesa?

Salma: Kwa sababu hukupimwa, Shangazi. Soksi za kweli huchaguliwa baada ya kupima mzunguko wa kifundo na wa shavu la mguu, hubana zaidi chini na kulegea kadiri zinavyopanda, na huvaliwa asubuhi kabla uvimbe haujajaa. Pia kabla ya kumvisha mtu soksi kali ni lazima presha ya damu ya kifundoni ilinganishwe na ya mkononi, kwa sababu mwenye ateri zilizoziba anaweza kuupoteza mguu kwa kubanwa. Soksi hupunguza dalili zikiwa zimevaliwa. Zikivuliwa, vilango viko vilevile.

Baba Mkubwa Hamisi: Mimi nilifanyiwa upasuaji wa zamani. Nilipewa nusu kaputi, wakanichana kinenani na chini ya goti, wakauchomoa mshipa mzima kwa waya. Nilikuwa na michubuko kuanzia paja hadi muundi, na miaka kadhaa baadaye mishipa mingine ikajitokeza. Simtakii dada yangu jambo hilo. Na daima nimejiuliza, mshipa ukiondolewa, damu inapita wapi?

Salma: Kiasi cha asilimia 90 ya damu inayorudi kutoka mguuni hupita kwenye vena za ndani, kwa hiyo vena ya juu iliyoharibika ikifungwa damu haipotei njia, bali inaacha njia mbovu na kushika njia nzima. Ndiyo sababu lazima vena za ndani zikaguliwe kwanza. Upasuaji uliofanyiwa bado upo na una wagonjwa wake, lakini mwongozo wa kitaifa wa Uingereza wa mwaka 2013 uliuweka nafasi ya tatu. Ya kwanza ni kuufunga mshipa kwa joto, ya pili ni sindano ya povu la dawa linaloziba mshipa, kisha ndipo kuuchomoa. Kuhusu kurudi kwa mishipa, hakuna tiba inayoweza kuahidi kwamba haitarudi, kwa maana ulegevu wa mishipa unabaki katika mwili ule ule.

Shangazi, kesho omba ultrasaundi ya mishipa ya miguu, na sisitiza kwamba upimwe ukiwa umesimama. Mpimaji atakuminya shavu la mguu na kuachia, kisha ataangalia damu inarudi chini kwa muda gani. Kwenye vena za juu, ikirudi kwa zaidi ya nusu sekunde, kilango kinavuja.

Jumanne ya wiki iliyofuata, saa 11:40 jioni

Shangazi Rehema: Nimerudi. Siku ile ya kwanza walifunga tundu kwa bandeji, na leo nimepimwa nikiwa nimesimama, kama ulivyosema. Binti aliyenipima alinionyesha kwenye skrini damu ikishuka, imepakwa rangi nyekundu mahali ambapo ilipaswa kubaki buluu. Nilishangaa kuuona ugonjwa wangu kwa macho yangu. Ripoti inasema kilango cha kinenani kinavuja, vena ndefu ina upana wa milimita 9, na vena za ndani ni nzima. Daktari amenipa chaguo la joto, povu au gundi, na ameniomba nifikirie.

Salma: Hizo ni habari njema, hasa hiyo ya vena za ndani. Kwa joto, daktari hupitisha katheta, yaani mrija mwembamba, kupitia tundu la sindano karibu na goti, akiiongoza kwa ultrasaundi hadi karibu na kinena. Halafu huzungusha maji yenye ganzi kando ya mshipa wote ili nyama na neva zisiungue, na hapa ndipo utakaposikia sindano kadhaa, sitakuficha. Kisha mshipa huunguzwa kwa leza au kwa mawimbi ya redio yenye joto la nyuzi 120 hivi, kipande baada ya kipande, huku katheta ikivutwa chini. Hakuna nusu kaputi, na unatembea siku ile ile. Unaweza kupata michubuko, hisia ya kuvutwa ndani ya paja, ganzi ya sehemu ndogo ya ngozi, na mara chache damu kuganda kwenye vena za ndani.

Povu ni rahisi zaidi na linafaa mishipa iliyopindapinda ambayo katheta haipiti, lakini mshipa mpana kama wako una uwezekano mkubwa zaidi wa kufunguka tena. Gundi, ambayo huuziba mshipa bila joto, haihitaji yale maji ya ganzi, ila inabaki mwilini, na baadhi ya watu huipata ngozi ikiwa nyekundu na kuwasha. Ningekuwa mimi, kwa mshipa ulionyooka wenye milimita 9, ningechagua joto, kisha yale mafundo ya chini yaondolewe kwa vitundu vidogo visivyohitaji hata kushonwa.

Jabiri: Mama anauliza kama hawezi kungoja hadi likizo ndefu, akiwa anavaa soksi.

Salma: Kwa mguu uliokwisha kutoka damu na wenye ngozi ya namna ile, nisingengoja. Hatua inayofuata ni kidonda, na kidonda hicho huweza kukaa miezi. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa Uingereza uliohusisha wagonjwa 450 wenye vidonda vya aina hiyo. Waliofungwa mishipa mapema walipona kwa kipindi cha kati cha siku 56, na waliocheleweshwa siku 82, wote wakiwa wamefungwa bandeji za kubana. Ni bora zaidi kufunga mshipa kabla ya kidonda kuwepo.

Baba Mkubwa Hamisi: Rehema, mimi ni mkubwa wako na ninakuomba usiahirishe. Nitakusindikiza mwenyewe.

Shangazi Rehema: Nimekubali, Kaka. Nitawaambia mawimbi ya redio. Salma, nitarudi darasani baada ya muda gani?

Salma: Wengi hurudi kazini ndani ya siku chache hadi wiki moja. Tembea kila siku kuanzia jioni ya siku ile, usisimame pahali pamoja kwa muda mrefu, vaa soksi kwa siku utakazoelekezwa, na urudi kwa ultrasaundi ya kuhakiki kwamba mshipa umefunga na vena za ndani ni salama. Na darasani, wekewe kiti. Unapolazimika kusimama, inua visigino na kuvishusha mara ishirini kila unapomaliza kuandika ubao, ili shavu la mguu lifanye kazi yake ya kusukuma.

Shangazi Rehema: Nimeandika yote kwenye daftari. Jabiri ameniletea futi ya fundi, anataka kunipima kifundo kwa ajili ya soksi. Tunasubiri asubuhi, kabla mguu haujavimba.