Usukani unatetemeka nikifika 90 mpaka 110, nianzie wapi?

Dada_wa_Ilula:
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri kwa wenye uzoefu. Nina Toyota IST ya 2004, cc 1300, otomatiki, mjini haina shida yoyote ila nikishaipita Mlandizi naelekea Chalinze nikigusa tu 90 usukani unaanza kutetemeka, 100 ndo balaa mpaka vidole vinakufa ganzi, nikivuka 115 kama inapungua hivi, nikirudi 80 kimya. Breki nikikanyaga haiongezeki, na kiti hakitikisiki. Fundi wa kwanza akasema alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa matairi, nikafanya, gari imenyooka haivuti upande lakini mtetemo uko palepale. Wa pili anataka nibadilishe tairodi, boljointi na raki endi (viungo vya usukani na vya tairi za mbele) pande zote mbili, hesabu yake imenitisha na wala hakupandisha gari jeki kuangalia. Mwezi ujao nampeleka mama Iringa, sitaki kushuka na kupanda mlima Kitonga na gari nisiyoiamini. Mwaka jana niliweka rimu za spoti na matairi ya mtumba, sijui kama inahusika.

Kibaha_Ndani:
Pole dada. Hiyo ni wili balansi, yaani uzito wa tairi na rimu hauko sawa pande zote. Alaimenti na balansi ni vitu viwili tofauti kabisa, alaimenti ikiharibika gari inavuta upande na tairi inalika upande mmoja, haikutetemeshei usukani kwenye 100. Usinunue hata nati kwanza.

NyundoNaTindo:
Mi naona engini maunti hizo, zile mpira zinazoshikilia injini, IST nyingi za umri huo zimechoka maunti.

spana13:
Mkuu NyundoNaTindo maunti ikichoka mtetemo unausikia gari imesimama kwenye gia ya D na eisii (AC) imewashwa, haisubiri ufike 90. Kuhakikisha ni rahisi, dada ukiwa kwenye spidi inayosumbua na barabara ni nyeupe, zima O/D (ovadraivu, gia ya juu kabisa) kama gia yako ina hicho kitufe, mzunguko wa injini utapanda lakini spidi ni ileile. Mtetemo usipobadilika basi injini haihusiki, kinachozunguka kulingana na spidi ya gari ndo chenye shida, yaani matairi, rimu, habu (kitovu rimu inapofungwa) na shafti (inayozungusha tairi).

Halafu maelezo yako yameshatusaidia sana maana umesema unapotokea na usipotokea. Ukisikika mikononi ni mbele, ukisikika kwenye kiti na sakafu mara nyingi ni nyuma. Ungekuja ukikanyaga breki tu ningekwambia diski zimepinda. Ungekuja ukikanyaga mafuta na ukiachia unaisha ningesema shafti, ile jointi ya ndani. Ungekuwa mvumo unaobadilika ukikata kona kidogo, beringi. Wako unakuja kwenye spidi fulani, unafika kilele, unapungua. Hiyo ni tabia ya tairi au rimu isiyo na uzito sawa pande zote.

Watu wanadharau kwa sababu uzito wenyewe ni mdogo. Tairi ya IST kwenye 100 inazunguka karibu mara 15 kwa sekunde, sasa gramu 30 tu zikizidi upande mmoja ukingoni mwa rimu ya inchi 14 zinavuta kwa nguvu ya karibu kilo 5, na zinavuta hivyo kila mzunguko. Ni kama mtu anakugongea mkono mara 15 kila sekunde, lazima ufe ganzi.

Kwa hiyo fanya kwa mpangilio huu na uanze na ya bure. Chungulia ndani ya rimu, tope lililokauka linatosha kuleta hiyo shida, na angalia kama kuna alama vyuma vya balansi vilipobanduka. Pitisha kiganja kwenye tairi zote, ukisikia nundu au uvimbe tairi hiyo itoke leo, usiende nayo Iringa. Soma tarakimu 4 za mwisho kwenye DOT, ile namba ya pembeni mwa tairi inayoonyesha lilitengenezwa lini, mfano 1114 ni wiki ya 11 ya 2014. Baada ya hapo hamisha za mbele ziende nyuma, mtetemo ukihamia kwenye kiti umeshajua mwizi ni nani.

Na hizo tairodi usizikatae moja kwa moja. Gari iwe juu ya jeki na stendi, mtu ashike tairi kushoto na kulia aitikise, halafu juu na chini. Ikicheza ibadilishwe, ila ibadilishwe ile iliyocheza.

Kibaha_Ndani:
Ongezea rimu za spoti mkuu. Habu ya IST ni milimita 54.1, rimu nyingi za madukani zina tundu kubwa, hata 73.1, bila ringi za katikati za kuziba hiyo nafasi rimu inakaa kwa kubahatisha kwenye nati. Hapo hata mashine ya balansi isome sifuri, barabarani itatetemeka.

Dada_wa_Ilula:
Jamani Mungu awabariki. Nimehamisha, mtetemo ukaja kwenye kiti kweli. Nikaenda kwenye mashine nikasimama palepale, rimu ya kushoto ilipozungushwa ukingo wa ndani unayumba, ilishakula shimo, kwa nje huoni kitu. Tairi yake inasoma 2013. Ringi hazikuwepo zote nne. Tairodi na boljointi zimetikiswa juu ya jeki, nzima. Sasa wanasema rimu inapigwa inanyooka, nikubali?

spana13:
Kama una rimu zako za zamani za chuma zirudishe, nunua matairi mapya mawili kwanza, weka mapya nyuma na yale mazuri yaliyobaki mbele, mvua ikikukuta Mikumi nyuma haitakimbia. Aluminiamu ikishapigwa inaweza kupata ufa usioonekana. Zote zipigwe balansi upya. Kwenye kukaza nati wakaze kwa msalaba, yaani moja halafu ya mkabala wake, gari ikiwa imegusa chini, na ukishatembea kilomita 50 hadi 100 simama uzikaze tena. Ukitoka Dar, Chalinze panafaa, spana ya tairi iwe karibu usiifukie chini ya mizigo ya mama.

Dada_wa_Ilula:
Za chuma zipo stoo. Kesho asubuhi nazipeleka.