Raigrasi imekataa kufa kwenye ngano, nisaidieni

Ngano_Narok: Wadau habari zenu. Niko Narok juu upande wa Mau, ngano ina kama wiki sita. Dawa ya nyasi nilipiga mapema nyasi ikiwa ndogo, kipimo cha lebo, maji safi, upepo hakuna, na bado raigrasi, hii nyasi gugu inayoota ndani ya ngano, imesimama kijani kama nimeimwagilia maji tu. Msimu uliopita ilikuwa mabaka karibu na geti kombaini (mashine ya kuvunia) inapoingilia, saa hii ni shamba nzima. Jamaa wa agroveti anasema nipige dabo. Halafu kuna majani ya ngano yamejikunja kwa urefu, yana mistari myeupe na zambarau, hiyo nayo ni nini?

mzee_timau: Dabo usipige, utachoma ngano na pesa. Hebu soma lebo uone namba ya kundi, yaani dawa inauaje nyasi. Pinoksadeni, klodinafopu, fenoksapropu, zote kundi la 1, chupa tofauti lakini zinashambulia mahali pamoja ndani ya mmea, kwa hivyo kubadilisha jina kila msimu ni kama hujabadilisha kitu. Piroksulamu na iodosulfuroni ziko kundi la 2, na huko Australia kuna raigrasi inayakataa makundi yote mawili. Kwako pia naona ni hivyo, raigrasi chache zilizokuwa sugu, zisizokufa kwa dawa, tangu mwanzo ndizo zilibaki zikazaa, na mbegu yao ndiyo unaiona sasa.
Kama unataka uhakika, raigrasi ikikomaa kusanya mbegu kwa zile zilizopona, panda kwa mikebe, kando yake panda mbegu ya raigrasi ya mahali hapajawahi kupigwa dawa, halafu zipige zote siku moja kipimo cha lebo. Za pembeni zikifa na zako zisimame, umepata jibu.

Shambani_Karatu: Naongezea mkuu, kazi yako saa hii ni mbegu isidondoke. Yale mabaka mazito yakate kabla hayajakomaa, hata ukipoteza na ngano ya hapo, ila kama unalisha ng'ombe soma kwanza lebo inasemaje kuhusu malisho. Mbegu ya raigrasi haikai sana udongoni, nyingi zinakufa ndani ya miaka mitatu minne hivi, kwa hiyo ukiibana misimu kadhaa inapungua kweli. Msimu ujao usipande ngano hapo, weka viazi au njegere au kanola, lakini ukienda huko ukapiga tena kundi la 1 umerudi palepale. Na mvua ikianza usikimbilie kupanda, acha nyasi iote, piga glaifoseti (dawa inayoua kila jani la kijani), ndo upande, halafu ulizia dawa ya kupiga kabla ngano haijachomoza, ya kundi jingine.

dada_wa_shamba: Hayo majani yaliyojikunja chukua moja ulifungue polepole kwa kucha. Ukikuta vidudu vya kijani hafifu, virefu vyembamba, vimejazana ndani, hao ni vidukari vya ngano vya Urusi, Kenya walionekana mara ya kwanza 1995. Wamejificha ndani ya jani so dawa ya kugusa haiwafikii, unaua tu wale wadudu wekundu wa madoa meusi wanaowala. Unataka dawa inayoingia kwenye mmea, na msimu ujao mbegu iwe imepakwa dawa. Ngano inayojiotea baada ya mavuno ing'oe, ndiko wanangojea. Kukiwa na kiangazi wanaumiza zaidi, kwa hiyo mimi ningeanza na hao, raigrasi ni vita ya miaka.

Ngano_Narok: Nimefungua, wamejaa balaa. Asanteni sana. Sasa kombaini naona ndiyo inabeba mbegu ya raigrasi, lakini mwenyewe hataki kusikia mambo ya kusafisha mashine, anasema anachelewa shamba lingine.

mzee_timau: Mlipe hiyo saa ya kupuliza mashine, na asimame nje ya geti, si ndani. Akikataa kabisa mwambie aanze na sehemu safi, hapo penye raigrasi amalizie.