Mtoto yuko darasa la nne, kusoma bado. Nifanyeje?

Mama Wawili: Wakuu, habari za jioni. Kijana wangu yuko darasa la nne na kusoma bado. Si mjinga. Nikimwacha dukani chenji haikosei, na hadithi akiisikia mara moja anakusimulia yote. Ila mpe kitabu: "baba" anasoma "dada", mstari mmoja dakika nzima, jasho linamtoka. Twisheni kila jioni. Mwalimu anasema ni uvivu. Naombeni ushauri, usingizi sipati.

Kiboko Mbichi: Fimbo, dada. Mimi nilichapwa mpaka herufi zikaingia zenyewe. Leo naendesha lori la Tunduma, vibao vyote nasoma.

Nyuki Dume: Na kile cha mwendo 50 huwa unakisoma? 😂

Mwalimu Chaki: Achana nao. Macho na masikio amepimwa? Na la kwanza hadi la tatu alisoma wapi?

Mama Wawili: Amepimwa, mzima. Shule ni nzuri tu.

Mwalimu Chaki: Sijauliza uzuri.

Mama Wawili: Alikuwa ya serikali. Januari nimemhamishia ya Kiingereza. Ila msinianze! Watoto wote wa mtaani wako huko. Na muhula ujao anaingia bweni, ada nimeshalipa.

Mwalimu Chaki: Ndio maana nimeuliza. Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa, "ba be bi bo bu". Aliyekwama hapo miaka mitatu, Kiingereza kitamzamisha. Inaweza kuwa disleksia: akili timamu, shida ni kuunganisha herufi na sauti yake, na mara nyingi inatembea kwenye ukoo. Fimbo haitibu. Muone afisa elimu maalumu wa halmashauri, akuelekeze pa kumpima. Walimu waliosomea Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalumu kule Arusha, kazi yao ndiyo hii. Na watahiniwa wenye mahitaji maalumu Baraza la Mitihani huwaongezea muda: Hisabati dakika 20 kwa kila saa, masomo mengine 10. Bweni liache kwanza.

Bi Shamba: Mdogo wangu alikuwa hivyo hivyo. Tulizunguka kwa waganga mpaka mbuzi wakaisha. Sasa ni fundi magari mtaa wa Gerezani, Dar, injini akiisikia tu anajua ugonjwa. Meseji za wateja namsomea mimi.

Chai Rangi: Subirini. Kwenye uzi wa wapangaji huyu alisema hana mtoto. Hii chai, tena haina tangawizi.

Kiboko Mbichi: Nilijua! Duka, jasho, bweni... imepangika mno.

Mama Wawili: Kule niliulizwa kama nimezaa. Sijazaa. Huyu ni wa marehemu dada yangu, nimemlea tangu ananyonya.

Bi Shamba: Pole mama. Marehemu kusoma alikuwaje?

Mama Wawili: Aliishia la tano. Barua zake nilikuwa namsomea mimi.

Nyuki Dume: Chai Rangi, omba radhi.

Chai Rangi: Aweke kwanza picha ya risiti ya bweni.

Mwalimu Chaki: Risiti airudishe shuleni, adai hela yake.

Mama Wawili: Hairudishwi. Wameandika huku chini kwa herufi ndogo.