Tupeane uzoefu: serikali na uchafuzi wa mazingira, wewe umeona nini mtaani kwako?

Habari zenu wadau. Mimi naishi Kariobangi South, Nairobi, tangu 2009 na leo naomba tupeane uzoefu, ule wa mlangoni kwako. Sheria tuko nazo nyingi. EMCA, ile sheria kuu ya mazingira, iko tangu 1999, Katiba ya 2010 kifungu cha 42 inasema kila mtu ana haki ya mazingira safi, juala, yaani mifuko ya plastiki, zikapigwa marufuku 28 Agosti 2017, halafu 2022 ikaja sheria ya usimamizi wa taka. Swali langu ni moja tu, ni gani kati ya hizo imefika kwako ukaiona?

Naanza mimi. Kwangu ilifika ile ya juala. Kabla ya hapo mtaro wa mbele ya ploti yetu ulikuwa unaziba kila mvua ikinyesha, unaingiza fimbo unatoa bonge la nailoni nyeusi limeshikana na matope na nywele za saluni, unalivuta linakuja tu refu kama kamba. Marufuku ilipoanza watu walishika woga kweli, faini ilikuwa mpaka milioni 4 au jela mpaka miaka 4, wiki hiyo nikanunua nyama ikafungwa kwa gazeti nikafika nyumbani wino umehamia kwa nyama. Lakini mwaka uliofuata ule mtaro ulikuwa unapitisha maji, na hiyo siwezi kuikana. Sasa roho inaniuma juu zile nyembamba zimerudi. Mama mboga akimaliza kukata sukuma anainama chini ya meza anatoa moja, anaipuliza ifunguke, anakupakia. Zamani alikuwa anaangalia kando kwanza, siku hizi haangalii.

Haya, kwenu je?

Mpangaji wa Umoja:
Sisi ilifika nusu. Ile sheria ya 2022 inataka taka zitenganishwe, za kuoza kando na zingine kando, na keateka wetu, yule mtunza ploti, alijitahidi jamani, akaleta mapipa mawili akayapaka rangi akapita kila mlango akitufundisha, hata watoto wakajua maganda ya ndizi yanaenda wapi. Tumetenganisha karibu miezi miwili. Siku moja nikachelewa kazi nikapata lori la taka liko getini, kijana akachukua pipa la kwanza akamwaga, akachukua la pili akamwaga pale pale juu. Nilisimama na kikombe changu cha chai nikakosa la kusema. Sikumlaumu yule kijana, lori lenyewe lina tumbo moja, angeweka wapi? Wiki hiyo nyumba tano zikaacha kutenganisha, na mimi ni mmoja wao.

Mzaliwa wa Dandora:
Nitaandika ndefu mnivumilie. Lile jaa la taka la hapa Dandora lilifunguliwa miaka ya sabini, mwaka 2001 likatangazwa limejaa, na hadi leo malori yanapanda. Mimi nimelikuta, binti yangu amelikuta. Moshi ni mbaya zaidi usiku kukishatulia, unaingia kwa dirisha hata ukiziba na kitambaa, asubuhi shuka inanuka na mtoto anakohoa mpaka anatapika uji. Kliniki waliniambia nimtoe hapo, nikamuuliza daktari nimpeleke wapi na kodi ni hii.

Lakini kuna kitu watu wa mbali hawakijui. Mama yangu amenisomesha na hilo jaa. Alikuwa anaokota chupa na chuma, anaosha, anauza kwa kilo, na fomu four yangu ililipwa hivyo. Kila wakati nasikia jaa litahamishwa, na sijawahi kumsikia kiongozi mmoja akitaja wale watu watafanya kazi gani kesho yake. Mimi nataka lifungwe hata leo. Nataka pia mtu aje aketi na hao akina mama na daftari aandike majina yao kwanza.

Kijana wa Mathare:
Mimi nimefanya kazi ya kusafisha mto, tunalipwa kwa siku, na tulitoa vitu hamtaamini, godoro, matairi, pampasi nyingi sana, mbwa aliyekufa. Pole pole ukiangalia kingo unaona udongo, unafurahi. Mvua ikinyesha usiku mmoja inarudi vile ilikuwa, juu sewa, yale maji taka ya nyumba za juu, zinamwagika humo humo na hizo sisi na koleo hatuziwezi. Mafuriko ya 2024 yalipotupiga tukaambiwa tutoke mita 30 kutoka kwa mto, jirani zangu wakabomolewa nyumba. Zile paipu za sewa hazikubomolewa.

Ila nisiwe mtu wa kulalamika tu. Wazee wa hapa humkumbuka marehemu Michuki alipokuwa waziri wa mazingira, ule upande wa mto karibu na raundabauti ya Globe mjini aliusimamia mpaka miti ikashika, na leo ile bustani ina jina lake. Ukiketi pale utaona inawezekana.

Mtu wa Makueni, nakaa mtaa wa Pipeline:
Huo mto mnaousema unaingia Mto Athi halafu unapita kwetu. Nikienda nyumbani naona ng'ombe wanakunywa na watu wanamwagilia nyanya, halafu hizo nyanya nazikuta sokoni huku. Ni hayo tu.

Mama wa watoto wawili, Embakasi:
Mimi shida ni kiwanda kimoja karibu na sisi, kinafungulia moshi usiku wa manane, ukienda kulalamika mchana mkaguzi anakuta kumetulia. Nimepata moyo na wale watu wa Owino Uhuru kule Mombasa waliodhuriwa na sumu ya madini ya risasi (lead) kutoka kiwanda cha betri, mahakama iliwapa bilioni 1.3 mwaka 2020, ikatenguliwa kwenye rufaa, halafu Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawarudishia. Na kifungu cha 70 cha Katiba kinasema si lazima uthibitishe umeumia ndio uende kortini. Kwa hivyo nimeanza daftari. Naandika tarehe, saa, upepo unatoka wapi, na nani amekohoa. Niko ukurasa wa tatu. Kama kuna mtu hapa ameshawahi kupeleka kesi kama hii naomba aniambie alianzia ofisi gani na alibeba nini mkononi.